Taa ya cheki injini si hukumu: gari lipimwe kabla ya kununuliwa spea

Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie jambo ninalokutana nalo karibu kila wiki kazini, na ambalo linawatoa wenye magari fedha nyingi bila sababu. Mimi ni fundi wa magari hapa Ilala, Dar es Salaam, na kazi hii nimeifanya kwa miaka 22. Jambo lenyewe ni gari linalotetemeka likiwa sailensa, yaani injini inapounguruma bila kukanyagiwa mafuta, huku taa ya cheki injini ikiwaka na mashine ya kupimia ikitoa namba P0171. Maana ya namba hiyo ni kwamba kompyuta ya gari imeona hewa imezidi na petroli imepungua katika mchanganyiko unaochomwa ndani ya injini. Mafundi wengi wakishaiona hukimbilia kubadilisha sensa ya oksijeni, na hapo ndipo hasara ya mwenye gari inapoanza.

Nianze na gari moja. Alinijia mwalimu wa shule ya msingi na gari lake dogo la sisi 1,500, akanisalimu shikamoo, kisha kabla hata sijafungua boneti akanipa boksi la viatu. Ndani yake mlikuwa na sensa ya oksijeni, plagi nne na pampu ya mafuta, vyote vimetolewa kwenye gari lake katika muda wa miezi miwili na magereji mawili tofauti, pamoja na risiti ambazo jumla yake ilikaribia shilingi laki saba. Gari lilikuwa bado linatetemeka vilevile. Kwenye foleni ya asubuhi lilikuwa likizima, na gereji ya pili ilikuwa imemshauri akate masega ya ekzosti, yaani kile kifaa cha kusafisha moshi, kwa maelezo kwamba yameziba. Aliniuliza swali moja tu: "Fundi, hivi nikate masega au niliuze?"

Nikaliwasha, nikaliacha lipate moto, nikaunganisha mashine. Sikuangalia namba ya kosa, kwa sababu hiyo alishaambiwa mara mbili. Nilifungua ukurasa unaoonyesha ni asilimia ngapi ya petroli kompyuta inaongeza au kupunguza kwa wakati ule. Likiwa sailensa, marekebisho ya muda mfupi na ya muda mrefu yakijumlishwa yalikuwa asilimia 26 juu ya kawaida. Nikamwomba kijana wangu akanyage mafuta mpaka mizunguko 2,500 kwa dakika na aishikilie hapo. Zile asilimia 26 zikashuka taratibu mpaka 7, na mtetemeko ukaisha. Alipoachia, zikapanda tena. Kwa fundi anayejua kuzisoma, namba hizo mbili zilikuwa zimeshasema sehemu kubwa ya ugonjwa, na hakuna hata kimoja kati ya vitu vilivyokuwa kwenye lile boksi kilichohusika.

Naomba msomaji anivumilie nieleze kwa nini, maana hapa ndipo penye kiini cha barua yangu. Petroli huungua vizuri inapochanganywa na hewa kwa uzito wa takribani 14.7 kwa 1, yaani gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu moja ya petroli. Katika magari mengi ya siku hizi, hewa yote inayoingia hupita kwanza kwenye sensa ya eya floo, nayo huiambia kompyuta ni gramu ngapi zimepita kwa sekunde, kisha kompyuta huamuru nozeli zimwage petroli inayolingana na hewa hiyo. Baada ya kuchomwa, moshi hupita mbele ya sensa ya oksijeni iliyofungwa kwenye ekzosti, ambayo huangalia kama imebaki oksijeni. Sensa hiyo si mpya duniani: iliingia kwenye magari mwaka 1976, Volvo ikiwa ya kwanza kuitumia, ikiwa imetengenezwa na Bosch. Ikiona oksijeni imebaki nyingi, inatoa taarifa, na kompyuta huongeza petroli. Ikiona hakuna, kompyuta hupunguza. Kwenye gari zima, marekebisho haya huwa yanacheza karibu na sifuri, tano juu au tano chini, na hata yakifika kumi bado si jambo la kumnyima mtu usingizi. Yakipanda kuelekea 25 na kukaa huko, kompyuta huona imefika mwisho wa uwezo wake, ikawasha taa.

Sasa fikiria kuna mpira umepasuka mbele ya sensa ya eya floo, upande wa injini. Hewa inayoingia kwenye ufa huo haijapita kwenye kipimo, kwa hiyo kompyuta haijui kama ipo na haitoi petroli kwa ajili yake. Injini ya sisi 1,500 ikiwa sailensa huvuta hewa kidogo sana, tuseme gramu 2 kwa sekunde. Ufa ukiingiza gramu 0.4, hiyo ni sehemu ya tano ya hewa yote iliyopimwa, na kompyuta italazimika kuongeza petroli kwa asilimia 20. Ukikanyaga mafuta, injini ikavuta gramu 8 kwa sekunde, ufa uleule unaoingiza kiasi kilekile unakuwa asilimia 5 tu, na kwa kweli huingiza pungufu ya hapo, kwa sababu mvuto ndani ya manifodi, yaani bomba linalogawa hewa kwenye silinda, hupungua throto (mlango wa hewa unaofunguliwa na pedeli) inapofunguka zaidi. Ndiyo maana gari la namna hii linatetemeka likisimama na linatulia likitembea. Mwenye gari anayesema "likiwa barabarani halina shida, shida ni kwenye foleni" amekwishampa fundi nusu ya jibu, kama fundi atasikiliza.

Kwenye gari la mwalimu nilichukua tochi na kioo kidogo cha mkono, nikafuata mpira mfupi unaotoka kwenye valvu ya kupumulia mvuke wa oili na kuingia kwenye manifodi. Mpira wenyewe ni mfupi kama kidole cha shahada. Kwa juu ulikuwa mweusi na mzima kabisa. Kwa chini, mahali unapojikunja na ambapo jicho halifiki bila kioo, ulikuwa umelainishwa na oili ya miaka mingi na kupasuka kwa urefu wa karibu sentimita mbili. Nikaingiza mkono, nikauziba kwa dole gumba. Injini ikabadilika sauti papo hapo, ikatulia, na mwalimu aliyekuwa amesimama pembeni akashika kifua. Namba kwenye mashine ikaanza kushuka: 26, 19, 11, ikaja kutulia kwenye 3. Nikaondoa dole, ikapanda. Nikaziba tena ili aone kwa macho yake mwenyewe. Mpira mpya haukufika hata shilingi elfu ishirini.

Sielezi haya ili kujisifu, kwa sababu mpira ule angeweza kuupata fundi yeyote wa magereji yale mawili kama angetumia nusu saa kupima badala ya kufungua. Ninachotaka wasomaji wako walione ni kwamba sensa ya oksijeni iliyotolewa na kuwekwa kwenye boksi la viatu ilikuwa inasema kweli tangu siku ya kwanza. Iliambiwa itoe taarifa hewa ikizidi, hewa ikazidi, ikatoa taarifa. Kuibadilisha kwa sababu hiyo ni sawa na kumfukuza mlinzi aliyepiga filimbi mwizi akiwa bado ndani. Mbaya zaidi, sensa mpya aliyowekewa ilikuwa ya bei poa isiyo na jina lolote, na sensa yake ya zamani tulipoijaribu baadaye ilikuwa bado hai, ikarudi mahali pake.

Kuijaribu sensa hiyo si kazi ngumu. Ile ya kawaida hutoa umeme unaopanda na kushuka kati ya volti 0.1 na 0.9 injini ikishapata moto, chini ikimaanisha hewa imezidi na juu ikimaanisha petroli imezidi. Fundi akikanyaga mafuta ghafla, inapaswa kuruka juu mara moja, na akiachia, ianguke. Ikifanya hivyo, iko hai, na ikiendelea kusema hewa imezidi, iaminiwe. Lakini kuna magari, yakiwemo ya Toyota mengi, yenye sensa ya aina nyingine mbele ya masega, ambayo kwenye mashine huonekana ikitulia karibu na volti 3.3, na kwake volti zikipanda ndipo hewa imezidi, kinyume kabisa na ile ya kwanza. Nimeshawaona mafundi wakiitoa sensa nzima ya aina hii kwa kuwa "haichezi". Haikuumbwa icheze kama ile nyingine.

Tatizo si mpira kila mara, na sitaki msomaji atoke hapa akimwambia fundi wake azibe ufa usiokuwepo. Yapo magari ambayo asilimia huwa nzuri likiwa sailensa, kisha zinapanda kadiri injini inavyobebeshwa mzigo: tano hapa Ilala, kumi na tano kwenye mpando, ishirini na zaidi likipandisha mlima Kitonga na abiria watano. Hilo halina ufa wa hewa, lina upungufu wa petroli. Huenda pampu imechoka, huenda soksi ya kuchujia ndani ya tangi imejaa uchafu, huenda nozeli zimeziba, au sensa ya eya floo imeshika vumbi ikawa inahesabu hewa pungufu ya ile inayopita. Hapo kinahitajika geji ya presha ya mafuta. Injini ya 1NZ-FE, inayobeba IST, Probox na baadhi ya Vitz tunazoziona kila siku, inatakiwa ionyeshe kati ya kilopaskali 304 na 343. Geji ikisoma 320 na mtu bado anataka kubadilisha pampu, mwambie akueleze kwa nini. Pampu ya mwalimu ilibadilishwa bila geji kuunganishwa hata mara moja.

Kwa wenye magari nisisitize jambo moja kuhusu pampu, kwa kuwa hili wanalisababisha wenyewe. Pampu ya ndani ya tangi hupozwa na petroli inayoizunguka na inayopita ndani yake. Mtu anayeendesha siku zote taa ya mafuta ikiwa imewaka, akiweka ya elfu kumi asubuhi na ya elfu kumi jioni, anaifanyisha pampu kazi ikiwa na joto na kuinywesha uchafu wa chini ya tangi.

Na kuhusu petroli yenyewe, najua jibu la haraka mitaani ni kwamba mafuta yamechakachuliwa. Uchakachuaji ulikuwa janga kubwa, hata EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ikaanzisha utaratibu wa kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010. Lakini gari lenye asilimia 26 likiwa sailensa na 7 kwenye mizunguko 2,500 halijachakachuliwa mafuta, maana petroli mbaya haijui kama gari limesimama au linatembea. Kabla ya kulaumu kituo cha mafuta, fundi aulize tatizo lilianza lini, na kama lilikuja mara tu baada ya kujaza tangi au lilikuwa likikua polepole kwa wiki kadhaa.

Kuna namna nyingine sensa inavyoweza kuona hewa imezidi wakati petroli ni ya kutosha, na hii huwapoteza hata mafundi wazuri. Silinda ikimisi kwa sababu ya plagi au koili, petroli na hewa yake hutoka bila kuungua. Sensa haina uwezo wa kuona petroli hiyo mbichi kama petroli. Inachoona ni oksijeni yote ya silinda ile ikipita mbele yake, nayo hutoa taarifa kwamba hewa imezidi. Kompyuta inaongeza petroli kwa silinda zote nne, tatu kati yake zikiwa hazina shida yoyote. Kwa hiyo mashine ikitoa P0171 pamoja na P0300 au P0301, ambazo ni namba za silinda kumisi, lazima fundi ajiulize nani alianza: je, hewa iliyozidi ndiyo iliyosababisha misi, au misi ndiyo iliyoleta taarifa ya hewa kuzidi? Plagi zenyewe husaidia kujibu. Dereva mmoja wa teksi aliniletea gari lake lililokuwa likimisi asubuhi na kupona likipata moto. Nilipozitoa plagi na kuzipanga juu ya kitambaa, ya silinda ya nne ilikuwa nyeupe kama chaki, na nyingine tatu zilikuwa na masizi. Gasketi ya manifodi ya kuingizia hewa ilikuwa imekakamaa karibu na silinda ile ya nne. Injini ikiwa baridi ilikuwa ikivuta hewa ya nje pale, na ikipata moto plastiki ya manifodi ilikuwa ikitanuka na kupunguza mwanya. Silinda moja ilikuwa na njaa, na kompyuta, kwa kuwa ina sensa moja kwa silinda zote, ilikuwa ikizishibisha tatu kupita kiasi ili kuisaidia ile moja. Dereva alikuwa akilalamika kwamba gari linakula mafuta, na alikuwa sahihi, ingawa namba ilisema petroli imepungua.

Hapa niseme neno kuhusu masega, kwa sababu ushauri wa kuyakata umeenea mno na unatolewa kwa urahisi mno. Masega yaliyoziba yapo kweli, lakini gari lenye tatizo hilo hukosa nguvu kwa mwendo mkubwa na mlimani, na presha ndani ya ekzosti hupanda. Yanaweza kupimwa kwa geji kwenye tundu la sensa kabla ya kuguswa kwa msumeno. Ndani ya masega kuna madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu, na wapo watu wanaoyanunua, kwa hiyo mwenye gari ana haki ya kuuliza yanakwenda wapi yakishatolewa. Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba kuyakata mara nyingi huzaa ugonjwa uleule uliotakiwa kutibiwa. Bomba likishachomelewa vibaya, likabaki na tundu dogo karibu na sensa ya mbele, kati ya pumzi moja ya moshi na nyingine hewa ya nje hunyonywa kuingia ndani. Sensa inaiona hewa hiyo, kompyuta inaongeza petroli ambayo haihitajiki, na gari linaanza kunuka petroli na kunywa mafuta huku taa ikiendelea kuwaka. Mwalimu hakuyakata yake. Yangekatwa, dole langu gumba lisingetosha kumwonyesha lolote siku ile.

Lipo pia suala la kufuta namba za makosa, linalofanywa kama huduma na hata kutozwa fedha. Kompyuta inapowasha taa huhifadhi rekodi ya hali ilivyokuwa wakati ule: mizunguko ya injini, joto la maji, mwendo wa gari, na asilimia za petroli. Fundi akibonyeza kufuta kabla ya kusoma rekodi hiyo, ameondoa ushahidi wote. Taa huzimika, mwenye gari huondoka na furaha, na baada ya siku chache za kuendesha kompyuta hujifunza upya na taa kuwaka palepale. Nawaomba wenye magari wamzuie fundi kufuta chochote mpaka namba zimeandikwa kwenye karatasi.

Na kwa mafundi wenzangu, hasa vijana, naomba kwa moyo wote tuache kutafuta ufa wa hewa kwa kumwagia petroli kutoka kwenye chupa ya maji iliyotobolewa kifuniko. Najua kwa nini tunafanya hivyo: petroli ikinyonywa kwenye ufa, injini hubadilisha sauti, na hakuna gharama. Lakini manifodi ya ekzosti iko jirani na ina joto la kutisha, na waya wa plagi uliochakaa unatoa cheche. Nimemshika kijana mkono wake ukiwa unawaka, na kovu lile nalijua mpaka leo. Zipo njia nyingine. Maji kidogo yenye sabuni yakipuliziwa kwenye kiungo kinachovuja, sauti hubadilika vilevile. Mpira wa breki unaokwenda kwenye busta ukibanwa taratibu kwa koleo lenye mdomo uliofunikwa, na asilimia zikashuka kwenye mashine, ufa umepatikana upande ule. Kifuniko cha oili na kijiti cha kupimia oili navyo vikaguliwe, maana visipoziba vizuri huingiza hewa kupitia valvu ileile ya mvuke. Na mwenye uwezo atafute mashine ya moshi, inayopuliza moshi kwa presha ndogo sana ndani ya manifodi injini ikiwa imezimwa. Moshi utatoka wenyewe mahali penye ufa, na mteja atauona.

Geji ya mvuto wa hewa nayo imesahaulika siku hizi, ingawa ni ya bei nafuu na haihitaji umeme. Hapa Dar es Salaam, tulipo usawa wa bahari, injini nzima ikiwa sailensa huonyesha kati ya inchi 17 na 21 za zebaki na mshale hutulia. Fundi mwenzangu aliyeko Mbeya, mji ulio juu kwa karibu mita 1,700, asishtuke akiona pungufu ya hapo kwa inchi tano hivi, kwa sababu hewa yenyewe kule ni nyepesi. Nalisema hili kwa kuwa niliwahi kupigiwa simu na kijana niliyemfundisha, akiwa kule, akidhani kila gari lililoingia gereji yake lina ufa. Jambo jingine la kuangalia ni aina ya gari. Honda nyingi za miaka ya 1990 hazina sensa ya eya floo. Hupima presha ndani ya manifodi, na kwa hiyo ufa wa hewa kwenye gari hizo mara nyingi hupandisha sailensa juu badala ya kuitetemesha na kuwasha P0171. Kila gari lina lugha yake, na fundi anayezitibu zote kwa dawa moja atakosea nusu ya siku.

Kwa nini basi mambo yanakwenda hivi? Nimelifikiria sana na naona kosa limegawanyika. Mteja wetu anakubali kulipia spea kwa sababu anaishika mkononi, lakini ukimwambia saa moja ya kupima ina bei yake, anaona unamwibia. Fundi naye, akijua hatalipwa kwa kupima, anatafuta faida yake kwenye spea. Matokeo yake, aliyekataa kulipa elfu thelathini ya kupimiwa analipa laki saba za kubahatisha. Fundi anayetaka kuwa mwaminifu katika utaratibu huu analala njaa, na hilo tunapaswa kulirekebisha pande zote mbili. Mimi tangu mwaka jana nimeweka bei ya kupima ukutani, na mteja hupewa karatasi yenye namba zote nilizosoma, hata kama atakwenda kutengeneza kwingine. Wateja wachache walikasirika na kuondoka. Wengi wamerudi.

Vyuo vya ufundi stadi, VETA ikiwemo, na magereji yanayopokea vijana wa mafunzo kwa vitendo, naviomba vimpe kila kijana geji na mashine mkononi na kumtaka aandike sababu ya kila spea anayotaka kubadilisha kabla hajaifungua. Kijana akizoea kuandika "asilimia 26 sailensa, 7 kwenye 2,500, kwa hiyo hewa inaingia baada ya eya floo", hatakuwa mtu wa kubahatisha maisha yake yote.

Kwa msomaji ambaye taa yake inawaka leo: kama inawaka bila kukonyeza na gari linatembea, una muda wa kutafuta fundi atakayekupimia. Kama inawaka na kuzima kwa kukonyeza huku gari likimisi, punguza mwendo na usimame mapema, kwa sababu petroli mbichi inayotoka inaweza kuyaunguza masega. Ukifika gereji, omba kuonyeshwa asilimia za petroli gari likiwa sailensa, kisha kwenye mizunguko 2,500, kabla hujatoa hata shilingi ya spea. Na kila kinachotolewa kwenye gari lako, kidai upewe.

Ule mpira uliopasuka mwalimu aliniachia. Upo mezani kwangu, na kijana yeyote anayekuja kuomba kazi nampa aushike na kumwuliza una tatizo gani. Wengi huuangalia kwa juu na kunirudishia wakisema ni mzima.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi wa magari,
Ilala, Dar es Salaam